Dawa Ilifika Koboko

Mama yangu alifariki Juni 2020, nyumbani kwake Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa saratani ya titi iliyokuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa. Wakati huo mipaka ilikuwa imefungwa, misikiti imefungwa, na wilaya yetu haikuwa na taksi hata moja ya kubeba abiria. Alifariki bila kulia kwa maumivu. Nalisema hilo kabla ya mengine yote kwa sababu ndilo ninalolishuhudia. Watu wengi wa kwetu bado wanaamini kwamba saratani haimtoi mtu roho ila kwa mayowe. Si lazima iwe hivyo. Nilimuuguza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na niliona.

Alhamdulillahi. Baada ya Mwenyezi Mungu, shukrani zangu ni kwa wauguzi wa Arua wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, watu ambao sisi tuliwaita tu watu wa hospisi. Majina yao siyaandiki kwa kuwa hawakunituma niwasifu. Naandika kazi yao, nieleze jinsi ilivyoendelea wakati kila kitu kingine kilisimama, ili anayemuuguza mzazi wake leo ajue kwamba jambo hili linawezekana.

Mama aliuza samaki wakavu sokoni Koboko kwa miaka mingi. Uvimbe wake alitueleza ukiwa umeshakuwa mkubwa. Tukampeleka Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, safari ya karibu kilomita 500 kutoka Arua, unavuka Nile Pakwach na tena Karuma. Akakatwa titi, akapewa dawa za mshipani, akarudi nyumbani. Mwaka 2019 maumivu ya mgongo yakaanza, na madaktari wakatueleza kwa upole kwamba ugonjwa umesambaa na hauponyeki tena.

Huwa natafakari sana umbali ule. West Nile, eneo letu, imechangia mengi katika elimu ya saratani duniani. Hospitali ya Kuluva, kusini kidogo ya mji wa Arua, ndiko daktari Ted Williams na ndugu yake Peter walikoweka kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa taya, ule ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 Ted Williams alisafiri na Denis Burkitt mwenyewe kwa gari katika nchi nyingi za Afrika wakiufuatilia ugonjwa huo. Na ile taasisi ya Mulago ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu uvimbe huohuo. Elimu ilitoka kwetu, lakini tiba ilibaki mbali na sisi. Kwa mgonjwa kama Mama, ambaye Kampala haikuwa na la kumfanyia tena, kilichobaki karibu ni tiba shufaa.

Mwanzo wa 2020 tukampeleka Arua. Kutoka Koboko ni kama kilomita 55, na kwa taksi kwenye lami ile inayotoka Vurra hadi Oraba unafika katika muda wa saa moja hivi. Muuguzi aliyetupokea alikaa na Mama kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote tuliyewahi kumwona. Alimuuliza maumivu yako wapi, yanakuja saa ngapi, analalaje, anakula nini, anaogopa nini. Kisha akatupa chupa ya plastiki yenye maji ya kijani. Ilikuwa mofini ya kunywa.

Mama aliogopa. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba mofini ni dawa ya kumharakisha mtu kaburini, na kwamba humgeuza mtu kuwa mlevi. Alitaka pia kujua kama ni halali. Tukampigia simu shehe wetu, naye akajibu kwamba dawa iliyotolewa na mtaalamu kwa ajili ya maumivu ni tiba, na mgonjwa asijitese. Muuguzi yule, ambaye tulimwita Sista, naye hakuukejeli woga wa Mama. Alimweleza kwamba siku mbili tatu za kwanza atasinzia, kwamba choo kitakuwa kigumu na ndiyo maana anampa vidonge vya kukilainisha, na kwamba dawa hii haiui inapopimwa vizuri. Usiku wa pili Mama alilala mpaka alfajiri. Alipoamka aliniuliza mbona sijamwamsha kuswali.

Nikajifunza kupima. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili dawa imfikishe asubuhi bila kuamshwa. Sista alisisitiza nimpe kwa saa hata kama hana maumivu, maana dawa hii kazi yake ni kuyazuia yasirudi. Nilipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alinifanya nipime mbele yake, nimwage, nipime tena. Akamfundisha na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na saba. Mimi niliona ni kupoteza muda. Yeye akasema, "Dada yangu, nyumba isitegemee mtu mmoja."

Machi 21 ikatangazwa kwamba Uganda imepata mgonjwa wa kwanza wa korona. Mipaka ikafungwa kwa watu, yakabaki kupita malori ya mizigo. Machi 25 usafiri wa abiria ukasimamishwa. Bodaboda zikaruhusiwa mizigo tu, na sokoni wakabaki wauza chakula peke yao. Mimi nilikuwa nikiuza vitenge vinavyotoka Kongo, kwa hiyo siku hiyohiyo nilifunga kibanda. Mwisho wa mwezi magari binafsi nayo yakazuiwa, na kafyu ikawekwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgonjwa aliyetaka kusafiri alihitaji ruhusa ya ofisi ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani.

Nyumbani tulikuwa na chupa moja iliyofikia katikati. Kila jioni niliinyanyua mbele ya taa kuona imebaki kiasi gani. Nilijua maumivu yale yalivyokuwa kabla ya dawa. Mama yangu, mwanamke aliyezaa watoto sita bila kupiga kelele, alikuwa ameng'ata leso mpaka ikachanika. Wazo la kurudi kule lilininyima usingizi. Nilipanga kutembea mpaka Arua kwa miguu.

Simu ikaja kabla sijaondoka. Sista alikuwa amekaa na orodha ya wagonjwa wake wote na kuandika mbele ya kila jina: chupa ngapi ziko nyumbani, zitaisha tarehe gani, nani anashika simu, kituo gani cha afya kiko karibu. Aliniuliza dawa imebaki kiasi gani, nikamjibu. Akasema, "Usije. Dawa itakuja. Na nikikupigia usipokee kwa wasiwasi, nitakupigia kila wiki, hata kama hakuna shida."

Mofini haibebwi na yeyote tu. Ni dawa inayolindwa kwa sheria, lazima ikabidhiwe mkononi mwa mtaalamu wa afya na isainiwe. Kwa hiyo wale wauguzi walitazama ni gari gani bado linatembea. Ambulansi zilitembea. Magari yaliyopeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya afya yalitembea. Chupa zetu zikawa zinapanda na magari hayo, zimefungwa, zina jina na kipimo, zinashushwa Koboko kwa mhudumu aliyepewa kazi ya kuzipokea, naye ananipigia simu. Kutoka kwetu mpaka kituoni ni mwendo wa miguu, na nilikwenda asubuhi ili nirudi mapema. Tena safari hii tulipewa dawa ya kutosha muda mrefu zaidi, si ile ya wiki mbili tuliyoizoea, ili gari moja likikosekana Mama asikose.

Baadaye nilimuuliza Sista imewezekanaje, maana dawa nyingi za kawaida zilikuwa haba wakati ule. Alinieleza mambo ambayo sikuyajua, nami nayaeleza hapa kwa kuwa yanamhusu kila mmoja wetu. Mofini tunayokunywa Uganda haiji kutoka ng'ambo ikiwa kwenye chupa. Unaletwa unga, unachanganywa hapahapa nchini na maji safi, dawa ya kuuhifadhi na rangi. Kijani ni hafifu, waridi ni kali zaidi, buluu ni kali kupita zote. Mchanganyiko huo rahisi ulibuniwa Singapore katika miaka ya 1980 wakati daktari Anne Merriman, Mwingereza, alipokuwa akifanya kazi huko. Alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993 alikuja nao, na siku hizi serikali inaitoa dawa hiyo bure kwa mgonjwa. Kisha mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Katika nchi nyingi kalamu hiyo hushikwa na daktari peke yake. Kama ingekuwa hivyo kwetu, Mama angengoja sahihi ya daktari, na madaktari wetu wakati ule walikuwa wameitwa kwenye korona.

Akiba haiozi. Miaka kumi na sita kabla ya korona watu walikaa wakaamua kwamba muuguzi wa wilayani aaminiwe. Uamuzi huo ndio uliomfikia Mama yangu kitandani.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Ilikuwa Ramadhani ya nyumbani, hakuna tarawehe msikitini, hakuna wageni wa futari. Mama alitaka kufunga. Sista, ambaye ni Mlugbara na Mkristo, alizungumza naye simuni bila kumkatiza, akamwambia aulize viongozi wa dini yake, na shehe akamkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa. Akakubali kunywa dawa yake. Alitayamamu, akaswali amelala. Jioni alinitaka nikae naye nifuturu mbele yake, akisema apate kuonja futari kwa macho.

Mwezi huo kidonda cha kifuani kilifunguka na kutoa harufu. Hapo ndipo nilipoona kwamba aibu inaweza kumuuma mgonjwa kuliko ugonjwa. Mama hakutaka mjukuu aingie chumbani. Nikamweleza Sista simuni, naye akanifundisha: chemsha maji, tia chumvi, yapoe, osha taratibu bila kusugua, kisha saga vidonge vya metronidazole viwe unga na unyunyize juu ya kidonda. Bandeji hazikuwepo. Tukachana leso za pamba zilizochakaa, tukazifua, tukazichemsha, tukazianika juani na kuzipiga pasi. Baada ya siku chache harufu ikaisha. Mjukuu akarudi kulala miguuni pa bibi yake.

Karibu na Idi, iliyokuwa Mei 24, maumivu yakaipita dawa. Sista alikuwa ameshaongeza kipimo mara kadhaa kwa simu, hatua kwa hatua, mpaka Mama akawa anakunywa mililita 20 za kijani kila mara. Kumeza kiasi hicho kukawa kazi. Sista akaamua kumpa ya waridi, na hilo lilinitia hofu kuliko yote, maana mililita moja ya waridi ina nguvu ya mililita kumi za kijani. Ukikosea chupa, unamdhuru.

Chupa ilipokuja, Sista alinipigia na hakunipa ruhusa ya kuifungua mpaka tumemaliza. Chupa ya kijani niiondoe kabisa chumbani, niirudishe kituoni. Bomba dogo ndilo litakalotumika kuanzia sasa. Zilizokuwa mililita 20 zitakuwa 2. Akaniambia nirudie maneno yake. Nikarudia. Akamtaka mdogo wangu naye arudie. Kisha akasema nimpigie baada ya kipimo cha kwanza, na tena usiku, na kafyu haizuii simu. Saa nne usiku alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi. Hapo nilikumbuka kwa nini alihangaika kutufundisha wawili mwezi wa kwanza, maana usiku ule mikono yangu ilitetemeka na aliyepima ni mdogo wangu.

Alikuja mara moja tu wakati wa kufungwa, kwa gari lililokuwa na kibali. Amevaa barakoa ya kitenge. Alinawa kwenye jerikeni mlangoni na kumtazama Mama kwa muda mfupi, kisha akatuita sisi wa nyumbani chini ya mwembe, tukakaa mbalimbali. Akatuambia ukweli: dalili za mwisho zitakuwa hivi na hivi, pumzi itabadilika, mikono itapoa, hatataka chakula na msimlazimishe. Akauliza Mama anataka nini kwa upande wa dini yake, nasi tukamweleza: alazwe akielekea kibla, asomewe Yasini, asiwe peke yake. Aliyaandika yote kwenye daftari lake, sawasawa na alivyoandika vipimo vya dawa.

Juni 4 wilaya nyingi za Uganda zilirudishiwa usafiri wa abiria. Wilaya za mpakani, Arua na Koboko zikiwemo, hazikurudishiwa. Ndani ya mwezi huo Mama alifariki, alasiri, dada yake akimsomea. Alikuwa ameongea nasi asubuhi. Mazishi yakafanywa na watu wachache kama ilivyoamriwa, na ndugu zetu wa Kampala na wa Juba walilia kwenye simu. Sikupata khitma kubwa ambayo mama kama yeye alistahili, na jambo hilo bado linaniuma. Lakini hakuna usiku ninaoukumbuka ambao nilimwomba Mungu amchukue haraka ili apumzike. Nyumba nyingi zenye saratani zimewahi kuomba dua hiyo.

Dawa iliyobaki niliirudisha kituoni, ikasainiwa. Wiki moja baadaye Sista akapiga simu. Nikamwambia Mama ameshazikwa, nikidhani amesahau. Akajibu, "Najua. Leo nimekupigia wewe."

Mwaka uliofuata korona ikarudi kwa ukali. Juni 10, 2021 safari za wilaya kwa wilaya zikafungwa, na Juni 18 tukafungiwa kwa siku 42. Wakati huo jirani yangu alikuwa anamuuguza dada yake mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Safari hii wauguzi hawakukimbizana na magari, kwa kuwa dawa ilikuwa imetangulia. Chupa zilikuwa zimewekwa Koboko mapema, orodha ya simu ilikuwepo, na familia zilikuwa zimefundishwa kabla. Sista akaniuliza kama naweza kwenda kumwonyesha jirani jinsi ya kupima. Nikaenda. Nilimfanya apime mbele yangu, amwage, apime tena, na mumewe naye apime.

Ushuhuda wa kweli hauachi upande mmoja. Wapo ambao huduma haikuwafikia. Wagonjwa kutoka Kongo, ng'ambo ya Vurra, na kutoka Sudan Kusini, ng'ambo ya Oraba, waliokuwa wakija Arua kutafuta dawa, walizuiwa na mpaka uliofungwa. Asiye na simu hakuweza kuandikwa kwenye orodha, na aliye na simu bila chaji alipotea kwa siku kadhaa. Mgonjwa ambaye saratani yake haijagunduliwa hakuwa na Sista wa kumpigia. Wauguzi wenyewe walifanya kazi kwa barakoa za kushona na woga wa kupeleka ugonjwa kwa watu wasio na nguvu ya kuustahimili. Sista aliniambia mara moja tu kwamba hulala chumba tofauti na watoto wake, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Wilaya zetu zisomeshe wauguzi wengi zaidi wa tiba shufaa, kila kituo kikubwa cha afya kiwe angalau na mmoja anayeruhusiwa kuandika mofini, ili Koboko isingoje Arua. Kila orodha ya magari yanayoruhusiwa kutembea wakati wa hatari, iwe korona, Ebola au vita, itaje dawa za maumivu kwa jina. Masheikh na mapadri waseme waziwazi mimbarini na kanisani kwamba kupunguza maumivu ya mgonjwa si dhambi, maana neno la shehe wetu ndilo lililomfanya Mama anywe kipimo cha kwanza. Na kila mwenye mgonjwa nyumbani amfundishe mtu wa pili kupima dawa wiki hii, kabla hajahitajika.